Nimeazima vyombo vya kikundi kwa akika ya mwanangu, nimeishia kuitwa mwizi wa sahani

Nimekaa siku kadhaa nikisema niache, nisiandike nikiwa na hasira, lakini hasira yenyewe haiishi, kila nikiosha vyombo naikumbuka, kwa hiyo acha niandike tu.

Huku kwetu Temeke, mtaa siutaji, kuna kikundi cha kina mama kina stoo ya vyombo vya shughuli. Sio wale wa biashara wenye viti vya kuvalishwa nguo na mapambo, hapana, hawa ni kina mama wa mtaani walichangishana wenyewe wakanunua masufuria, sahani, masinia, majagi, bilauri, mabeseni. Ukiwa na shughuli unaenda unaazima. Mwanachama hatoi kitu, asiye mwanachama kama mimi anaweka amana na hela kidogo ya kikundi, ukirudisha vyombo vimetimia unapewa amana yako. Mi niliweka elfu hamsini. Nilichukua sahani 120, bilauri 100, masinia kumi, masufuria matatu makubwa ya pilau, miiko yake, majagi, vijiko siwezi hata kuvitaja idadi.

Na nilienda kwa moyo mweupe kabisa, hilo naomba lieleweke. Sikwenda kwa sababu sina hela ya sahani za kutupa. Nilienda kwa sababu ya kilichonikuta shughuli iliyopita.

Kisomo cha kijana wangu mkubwa mwaka ule nilinunua zile sahani nyeupe nyepesi za kutupa, zile zinazokatika kama biskuti, pamoja na vijiko vya plastiki na glasi za plastiki. Niliona nimerahisisha. Jamani. Pilau la moto likiwekwa kwenye sahani ile inalegea katikati, mtu anashika kwa mikono miwili mchuzi unamwagikia kanzu, basi kila mgeni anachukua sahani mbili anazibebanisha, wengine tatu. Kijiko kikikutana na nyama kinakatika. Watu mia wametumia sahani sijui ngapi, jioni uwanja wote mweupe, upepo unazipeleka zinapotaka, mbuzi wa jirani wanatafuna. Tukakusanya mifuko mikubwa tisa, gari la taka wiki ile halikuja wala iliyofuata, vijana wakaniambia mama tuchome, wakachoma nyuma ya nyumba, moshi mweusi ule mzito unakaba koo, na jirani yangu ana mtoto wa pumu. Zilizobaki zikaingia mtaroni. Mvua ilipokuja, maji yakakosa pa kupita yakaingia jikoni kwa mama wa nyumba ya chini. Yule mama hakunigombeza. Alichota maji na ndoo huku ananiangalia, na ndani ya ndoo zinaelea sahani zangu. Niliona aibu ambayo mpaka leo ninayo.

Kwa hiyo safari hii nikasema hapana, naazima. Na nataka niseme ukweli, shughuli yenyewe ilikuwa nzuri mno. Mbuzi wawili wa mtoto wa kiume, nyama ya ng'ombe ya kujazia, wageni wapata mia na zaidi. Masufuria tuliyapaka udongo kwa nje kabla ya kuyabandika kwenye kuni ili yasishike masizi, wazee wa mtaa wakala kwenye sinia, watu watano watano, kama tulivyokuwa tunakula kwetu Rufiji nikiwa mdogo, na ukiangalia vizuri sinia moja ni sahani tano hazikutumika. Baada ya kula kina dada wakapanga mabeseni matatu, la kwanza kukwangua makombo, la pili sabuni, la tatu kusuuza, wamekaa kwenye vigoda wanapiga soga mpaka isha inaadhiniwa. Nilipomaliza kufagia nilikuwa na mfuko mmoja wa taka, haujajaa, mifupa na maganda ya vitunguu na viazi, na maganda yenyewe akaja kuyachukua mwenye mbuzi. Mfuko mmoja! Nilisimama nauangalia. Nilikuwa na furaha ambayo sijui nimweleze nani, nikamwambia mume wangu akasema haya kalale.

Sasa ndo tuje kwenye kurudisha.

Asubuhi yake nikapakia vyombo kwenye guta nikaenda nalo kwa miguu. Anayetunza stoo ni mama mmoja mtu mzima, anakaa kwenye kigoda mlangoni na daftari lake la kaunta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akaanza na sufuria. Akapitisha kidole ndani, akakitazama kidole, akasema, "Hili umeliosha au umelipitisha kwenye maji?" Sufuria lile nimelisugua mwenyewe kwa steeli waya mpaka kucha zimekatika. Nikanyamaza, nikasema mtu mzima huyo, acha ipite.

Akahesabu sahani. Kila sahani anaigeuza, kwa chini wameweka doa la rangi ya kucha nyekundu, ndo alama ya kikundi. Mia na kumi na nne. Sita hazipo.

Nikamwambia mama, hizo sita najua zilipo. Hii ni akika, nyama ya akika inagawiwa, kuna watu hawakuweza kuja, kuna bibi hatembei, kuna mama amejifungua juzi, kuna mgonjwa, niliwapelekea chakula kwenye sahani nimefunika na kawa, zitarudi. Na yeye ni Mswahili kama mimi anajua, sahani ya chakula ukipelekewa huirudishi tupu siku ile ile kama umefukuzwa, mtu anasubiri apike kitu chake aweke humo ndo airudishe. Inaweza ikachukua siku mbili, ikachukua wiki.

Unajua alichonijibu? Kwa sauti, mbele ya yule kijana wa guta, mbele ya mabinti wawili waliokuja kuchukua masinia ya maulidi: "Nyie wapangaji ndo zenu, mkishakula kwenye sahani za watu mnazipenda."

Wapangaji. Mtaa huu nimekaa miaka kumi na moja. Watoto wangu wawili kati ya watatu wamezaliwa hapa. Msiba wa mtaa huu hakuna ambao sijaenda kupika, na nahisi masufuria yale yale nishayasugua misibani kabla hata sijajua ni ya nani. Nikamwambia mama, mimi sio mwizi. Akasema sijasema mwizi, umesema mwenyewe. Yule kijana wa guta akacheka. Kile kicheko ndo kilichonimaliza.

Akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, akanionyesha, sahani moja ikipotea elfu tano. Elfu tano kwa sahani ya melamini ambayo nyingine zimepauka ua halionekani na moja ina kovu la kuungua pembeni! Na hilo sharti wakati nachukua vyombo hakunisomea, alisema tu weka amana, weka kidole hapa. Akakata elfu thelathini, akanipa ishirini, akaendelea na wale mabinti kana kwamba mi nishaondoka.

Niliporudi nyumbani nililia, kweli nililia. Siku hiyo mngeniuliza ningewaambia msithubutu, kanunueni sahani za kutupa mle mtupe mlale, heshima yako ni bora kuliko mtaro. Na nilishaanza kumwambia wifi yangu hivyo hivyo, ana kitchen party ya binti yake karibuni, nikamwambia achana na vile vyombo, utadhalilishwa.

Halafu sahani zikaanza kurudi. Ya kwanza ilikuja na maandazi, ya pili ina maembe mawili na dua ndefu, moja ikaja na kunde, moja na visheti, ya yule mama aliyejifungua aliileta mume wake, ameweka sukari nusu kilo, anasema samahani hatujapika. Tano ndani ya siku nne. Kila mmoja nikimpokea najisikia vizuri na papo hapo moyo unauma, nikiwaza huu ndo wizi nilioitiwa.

Nikazichukua tano nikampelekea. Akazipokea, akazigeuza, doa lipo, akaziweka kwenye rafu. Nikasema elfu ishirini na tano yangu. Akasema hela ishaingia kwenye kitabu haitoki. Yaani sahani imerudi na hela imebaki! Hapo heshima ya utu uzima ilinikaa kwa shida sana, niligeuka nikaondoka, kwa sababu ningebaki ningesema neno la kunifuata mpaka kaburini.

Sasa naomba niwe mkweli hapa pia. Mwenyekiti wa kikundi alisikia, sijui nani alimwambia, akaja nyumbani kwangu jioni na kanga yake begani, akakaa mkekani, akanywa chai, akatoa elfu ishirini na tano akaweka chini ya kisahani cha kikombe. Akaniambia, "Mwanangu, tusamehe, yule mwenzetu mwaka jana alilipishwa na kikundi sahani arobaini zilizopotea kwenye harusi ya watu, alilipa kutoka mfukoni mwake, tangu siku hiyo haamini mtu." Nikanyamaza. Sahani arobaini ni nyingi. Mtu anayetunza vyombo vya mtaa mzima bila mshahara halafu alipe za watu waliocheza ngoma wakasepa, roho itabaki vipi laini? Hilo nimelielewa. Lakini kueleweka sio kuombwa radhi, na aliyenitukana sio aliyekuja kunywa chai.

Kwa hiyo mkiniuliza leo, siwaambii msiazime. Nimejaribu kulisema halitoki. Mfuko mmoja wa taka naukumbuka kila nikipita pale mtaroni, na mtaro siku hizi unapita maji. Wifi yangu nimemrudia nikamwambia kaazime, ila twende wote tuhesabu wawili, tuandike na sisi kwenye karatasi yetu idadi ya kila kitu na hali yake, iliyopasuka tuseme imepasuka kabla haijatoka mlangoni, na faini tuulize mwanzo sio mwisho. Na za kupelekea majirani atumie sahani zake mwenyewe za ndani, za kikundi zisivuke uwanja, hilo ndo kosa langu mimi na nalikubali. Vijiko navyo aweke beseni lake peke yake na mtoto mkubwa asimame hapo, maana vijiko ndo vinaondoka na makombo.

Watu wanasema haiwezekani, tumeshazoea vya kutupa. Mbona 2019 mwezi wa sita ilipopigwa marufuku mifuko ya plastiki tulisema hivyo hivyo, nani alidhani ataenda sokoni bila rambo, leo tunatembea na mifuko yetu tumekunja kwenye pochi na maisha yanaenda. Na kikundi wanavyo vyombo, watu wanavitaka, wanakosa tu mtu wa mlangoni anayejua kuongea na watu. Wamsaidie yule mama. Wamuwekee mwenzake, binti mmoja wa kuandika, na sharti la faini libandikwe mlangoni kila mtu alisome kabla hajapakia. Tena hata sisi wapangaji watufungulie tuwe wanachama, mi ningejiunga kesho.

Hapana, nisidanganye. Nisingejiunga kesho. Nikifikiria kukaa naye kikao kimoja naona kifua kinabana. Anaweza kupita sokoni akaniona akanisalimia kama hakuna kitu, ashafanya hivyo mara moja, "mama hujambo", nikaitikia sijambo huku miguu inatetemeka.

Leo magharibi bibi yule asiyetembea amemtuma mjukuu wake na sahani ya sita. Imejaa mihogo ya nazi, imefunikwa na kitambaa kisafi, na mtoto kaambiwa aseme bibi anaomba samahani kachelewa, alikuwa anasubiri nazi. Nimeiosha, nimeigeuza, doa jekundu lipo. Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe, simtumi mtoto. Nataka aipokee kwa mkono wake, aandike kwenye daftari lake mia na ishirini, na anipe elfu tano yangu mbele ya watakaokuwepo.