Nimeifuata chi mitaa ya Hong Kong: matembezi mazuri, duka la mwisho rukeni

Nauza mapazia Kariakoo. Nikimaliza kununua mzigo Guangzhou hupandia ndege Hong Kong, na safari hii nilibakiwa na Jumapili nzima. Nikalipia matembezi ya saa mbili ya feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga majengo ili nguvu iitwayo chi ipite vizuri, kwenye mitaa ya Central, katikati ya jiji.

Aliyetuongoza, mama mfupi mwenye mwavuli mwekundu, alianzia kwenye jina: feng ni upepo, shui ni maji. Chi ni pumzi inayopita ndani ya kila kitu. Upepo huitawanya, maji huituliza. Ikipita mbio kwenye njia iliyonyooka inadhuru, ikituama inaoza. Inatakiwa itembee taratibu, kwa kona kona. Nikakumbuka duka langu, linalotazamana na uchochoro ulionyooka kama rula. Wateja wanapita kama mshale!

Thamani ya pesa yangu niliiona pale makao makuu ya benki ya HSBC, kazi ya msanifu majengo Norman Foster iliyokamilika 1985. Chini pako wazi kabisa: unaingia upande wa mlima, unatokea upande wa bahari, na chi nayo wanasema hupita hivyo hivyo. Ngazi za umeme zimekaa mshazari ili ipande bila papara. Nje kuna simba wawili wa shaba, Stephen na Stitt, ambao bado wana makovu ya vita. Jumapili uwazi ule hujaa wadada wa kazi kutoka Ufilipino, wametandika maboksi, wanakula, wanapiga soga. Nikauliza: na hawa, hawaizibi chi? Mama alicheka mpaka mwavuli ukamponyoka. Jibu sikupata.

Jirani kuna mnara wa Bank of China uliosanifiwa na I. M. Pei, wa 1990, mita 367, kona zake kali kama visu. Watu wanasema visu hivyo vinawakata majirani. Sasa tazama juu ya paa la HSBC: winchi za matengenezo zimekaa kama mizinga, zimeuelekea mnara ule. Kumbe hata mabenki yana majirani wa kurogana.

Kasoro? Nusu saa ya mwisho tuliingizwa dukani kuuziwa dira za feng shui na sanamu za vyura wa miguu mitatu wenye sarafu mdomoni. Chura mmoja bei yake iliizidi ya matembezi yenyewe. Halafu lile jengo lenye tundu katikati, huko ufukwe wa Repulse Bay, ambalo lilikuwa kwenye tangazo, tulionyeshwa picha tu. Nyota tatu na nusu.

Nilikwenda huko mwenyewe kwa basi la ghorofa namba 6. Ghorofa nzima ya makazi imetobolewa katikati, wenyeji wanasema ni njia ya joka kushuka kutoka mlimani kwenda kunywa maji baharini. Ukienda, kaa juu, kiti cha mbele, na ushike vizuri: zile kona si mchezo.