Wikendi ya mvua kwenye karavani na watoto watatu, uzoefu wangu

Naanza na nyota kabisa ili asiye na muda asome aondoke: tatu kati ya tano. Jua lingewaka ningeipa nne na nusu bila kufikiri, ila jua likiwaka hakuna karavani mbaya (karavani ni ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari), manake mnashinda nje na ndani mnaingia kulala tu. Sisi tulinyeshewa kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili, kwa hiyo hii review ni ya karavani yenyewe, si ya mandhari, mandhari sijaiona.

Tulikodi ile ya vitanda vitano ambayo mwenyewe ameshaipaki kwenye kiwanja cha kupiga kambi, we unaenda na gari lako na mabegi, hamna habari za kuvuta trela. Tulikuwa mimi, baba watoto, mkubwa miaka 7, wa kati miaka 4 na wa mwisho mwaka na nusu, yule anayetembea kama kalewa. Mwenye karavani mtu mpole sana, alituzungusha kama dakika 20, huku swichi, huku mtungi wa gesi, huku choo, hapa usiguse, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, huku nimemshika wa mwisho asijiingize chini ya magurudumu. Katika ndiyo zangu zote zile sijui kama kuna hata moja niliyoelewa. Hilo nilikuja kulijua saa tisa usiku wa siku ya pili, tutafika huko.

Mvua ilianza tukiwa bado tunashusha vitu. Kama hujawahi kulala kwenye karavani kwenye mvua, jua kwamba paa lake ni jembamba, manyunyu tu yanasikika kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia, na ikikolea hamsikilizani. Wa kati alilia usiku wa kwanza akisema kuna watu wanatembea juu. Wa mwisho alilala fofofo, hata sijui kwa nini tulihangaika kumbebea ile mashine yake ya sauti za usingizi.

Sasa jambo lenyewe. Wakati natafuta karavani niliuliza vitanda vingapi, friji ipo, choo kipo, godoro nene au jembamba. Sikuuliza mlango ukifunguka unakanyaga nini. Kumbe kwa watu wenye watoto wadogo hilo ndo swali, vitanda vinafuata. Hii yetu ukifungua mlango unakanyaga zulia, tena zulia la rangi ya maziwa, sijui nani alikaa akawaza akaona linafaa. Hakuna hata kipande cha sakafu ya plastiki, hakuna ndoano ya kutundika koti, hakuna kisanduku cha viatu. Chukua watu watano, makoti matano ya mvua yanayochuruzika, gambuti kumi zenye matope, halafu nafasi ya kusimama pale mlangoni inatosha mtu mmoja na nusu. Kila mtoto akitaka kutoka ni dakika kumi za kuvalisha, ukimaliza wa tatu wa kwanza anataka kukojoa. Kufika Jumamosi saa nne asubuhi lile zulia lilikuwa na rangi nyingine.

Kilichotuokoa ni kile kibaraza cha turubai kinachofungwa ubavuni mwa karavani. Mwenyewe alituambia tunaweza tusikifungue kama tunaona uvivu, na mimi nakwambia kama kuna mvua we kifungue hata kama umechoka namna gani. Tuliweka humo beseni kubwa la gambuti, tukafunga kamba ya makoti, tukatandika plastiki chini, na tukapanga zamu, mtu mzima mmoja anasimama kibarazani kuvua watoto, mwingine ndani anapokea na taulo, kama watu wanaopokezana matofali. Toka hapo ndani kukawa kunakalika.

Ila nacho kina mambo yake. Tulikifunga kikiwa tambarare, kimenyooka vizuri, baba watoto akajisifu. Baada ya saa mbili maji yalikuwa yamejikusanya katikati, kimening'inia kama tumbo la ng'ombe, nguzo zinalia. Akachukua ufagio akasukuma kwa chini ili maji yamwagike, yakamwagika kweli, yote, kwenye shingo yake na kuingia ndani ya koti. Watoto walicheka mpaka wa kati akapata kwikwi. Dawa ni ndogo tu, unashusha nguzo moja ya pembeni iwe fupi kuliko mwenzake, maji yanajiendea yenyewe upande huo. Alafu kagua kamba kila baada ya muda manake udongo ukilowa vigingi vyake havishiki.

Udongo huohuo ulitusumbua na miguu ya karavani. Zile nguzo nne za kona zinazoshushwa ili isiyumbe zilikuwa zimesimama juu ya majani matupu, na kadiri mvua inavyonyesha zilizidi kuzama, mpaka mtoto akiruka kitandani karavani nzima inacheza na chai inamwagika. Zilitakiwa ziwekewe vipande vya mbao chini. Tuliokota vibao viwili karibu na sehemu ya kuoshea vyombo, kidogo ikatulia. Na jamani zile nguzo ni za kutuliza tu, si jeki, msije mkainulia karavani nazo.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta madirisha yanatiririka kwa ndani, ukuta wa nyuma ya godoro umelowa, nikapiga kelele kwamba paa linavuja kila mahali. Hapana, ilikuwa pumzi zetu. Watu watano wanahema usiku mzima kwenye chumba kidogo, nguo mbichi zimetundikwa humohumo, mvuke wa sufuria ya jioni, vyote vinaenda kugandia sehemu ya baridi. Tukajifunza kuacha dirisha la paa wazi kidogo hata kama kuna baridi, kusogeza magodoro yasigusane na ukuta, na nguo mbichi zikahamia kibarazani.

Hapa niweke jambo ambalo silitanii. Usiku uleule baba watoto alisikia upepo unaingia chini karibu na jiko, akakuta matundu sakafuni, akayaziba na taulo. Yaani kwa nia njema kabisa. Yale matundu hayakusahauliwa na fundi, yamewekwa makusudi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini, na pale ndo pa kutokea. Na kitu chochote kinachowaka ndani kinahitaji hewa safi, ikikosekana inatengenezwa kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini. Nilitoa taulo saa ileile. Kwa hili nampa mwenye karavani maksi zake, king'ora cha hiyo hewa kilikuwepo na kilifanya kazi, nilibonyeza kitufe cha kujaribu kikalia watoto wakaziba masikio. Na msiwashe jiko kupasha joto chumba hata mganda kwa baridi, jiko ni la kupikia.

Kuvuja kwenyewe kulikuja Jumamosi mchana. Wa kati alikuwa kitanda cha juu cha dabo deka, akaita, Mama, hapa kunanidondokea. Nikamwambia ni ule unyevu wa asubuhi. Akasema, Mama, unanidondokea kwenye jicho. Nikapanda, kweli, ukingo wa dirisha la paa ulikuwa umechoka, ile raba yake imepasuka, tone moja kila sekunde chache. Tulimpigia mwenyewe, akaja ndani ya saa moja na gundi na utepe, akapanda na mvua yake. Sina neno kwenye kuja kwake, alikuja haraka na aliomba radhi. Neno langu ni kwamba mbao ya pembeni ya lile dirisha ukiibonyeza na kidole ilikuwa laini, na mbao hailainiki kwa siku moja. Alikuwa anajua.

Basi tukaja usiku wa saa tisa. Hita inayotumia gesi ikazima, baridi ikaingia, wa mwisho akaamka. Hamna shida, mitungi iko miwili, mwenyewe alisema ukiisha mmoja unahamishia mpira wa gesi kwenye mwingine. Baba watoto katoka na tochi mdomoni, kaloa, kafungua, kafunga, karudi anatetemeka, tunawasha, kimya. Akatoka tena akautingisha mtungi wa pili. Mtupu. Mtupu kabisa, mwepesi kama ndoo. Nikikumbuka zile ndiyo zangu za Ijumaa, hatukuinua mtungi hata mmoja.

Tukawasha hita ndogo ya umeme iliyokuwa kabatini, afadhali, joto likarudi, nikasema ngoja nichemshe maji ya mtoto na birika la umeme. Giza. Kumbe umeme wa pale kiwanjani ni ampea 10 tu, kwa volti 230 hiyo ni wati 2,300, na birika peke yake linakula 2,000, hita 1,000, piga hesabu mwenyewe. Na swichi ya kurudishia iko wapi, iko nje kwenye nguzo, kwenye mvua. Mara ya tatu kutoka usiku mmoja, mwenzangu hakusema neno, na mtu asiyesema neno saa hizo muogope. Kuanzia hapo sheria ikawa kimoja kizimwe ndo kingine kiwake. Na ile waya ya umeme ndefu iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, ikunjue yote hata kama nguzo iko jirani, ikibaki imejiviringisha inapata joto inaweza kuyeyuka.

Malalamiko mengine ni meza. Kwenye picha unaona meza nzuri na unaona kitanda kizuri, hawakwambii ni kitu kimoja. Wa mwisho akilala mchana, meza imekuwa kitanda, wengine wanne tunakula tumeshika sahani mapajani. Usiku watoto wakilala saa mbili na sisi tumelala saa mbili, manake ukiwasha taa wanaamka wote. Tulikuwa tunanong'onezana gizani kama tunaotoroka shule. Mwenzangu akafungua pakiti ya biskuti, kile kikaratasi kikalia, sauti ikatoka kitanda cha chini: mnakula nini?

Choo sina mengi. Ni kile cha kaseti, yaani chenye tangi dogo la kuchomoa ukamwage, kinabeba kama lita 20, kwa watu watano tulimwaga kila siku, taa nyekundu ikiwaka usijidanganye kwamba bado kidogo. Mkubwa aliomba aende kuangalia kinavyomwagwa. Aliangalia mara moja.

Na watoto? Sasa ndo kichekesho, wanasema ndo safari nzuri kuliko zote. Jumamosi asubuhi tulijaribu kuwazuia ndani, kadi, kuchora, kushindanisha matone ya mvua kwenye kioo lipi litafika chini kwanza (hii iliwachukua karibu nusu saa, sikutegemea), lakini kufika saa tano walikuwa wanapigana. Tukawavalisha tukawaachia. Walichimba mfereji wa kupitisha maji kutoka kibarazani mpaka barabarani, mkubwa ni injinia, wa kati ni kibarua, wa mwisho amekaa katikati ya dimbwi anapiga maji na mikono. Saa mbili nzima hakuna aliyelia. Mimi nilikaa kwenye kiti chini ya turubai na chai yangu ya moto, mvua inapiga juu, na nikiri kabisa nilikuwa na raha. Kwa mwenye kwenda, beba nguo mara mbili ya unavyodhani, soksi mara tatu, na mifuko mikubwa ya plastiki ya kurudisha nguo mbichi.

Jumapili kutoka, gari letu likazungusha magurudumu kwenye majani, likajichimbia. Tukaweka mkeka wa plastiki wa kibarazani chini ya tairi za mbele likatoka. Ukipewa kuchagua kati ya sehemu ya majani na sehemu ya kokoto, na kuna dalili ya mawingu, chukua kokoto.

Mwenyewe alitaka kukata hela ya usafi wa zulia kwenye amana yetu. Nikamwambia sawa, we kata ya zulia, mimi nikate ya mtungi mtupu na ya jicho la mwanangu. Akairudisha yote.

Watoto wanataka kurudi, ndo hivyo. Juzi nikamwandikia kumuuliza lile dirisha vipi, akajibu limewekwa jipya, mlangoni kaweka plastiki, na mitungi yote miwili imejaa. Nikamwomba anitumie picha ya mtungi wa pili ukiwa juu ya mizani, uzito wa mtungi mtupu si umeandikwa pale pembeni, hesabu nitapiga mwenyewe. Kaisoma meseji, nasubiri picha.