Nilikodi kituo cha polisi kwa siku mbili: uzoefu wangu

Laki nne na nusu kwa siku mbili: seti ya kituo cha polisi, vifaa na maleba. Ndivyo tulivyopatana na jamaa mmoja wa Sinza anayekodisha vitu vya kushutia. Jina lake naliacha. Filamu yetu fupi ni ya mauaji, kisa cha mwaka 2009, na kituoni tulikuwa na tukio moja tu: mshukiwa analetwa usiku, shati lina damu, anahojiwa.

Kwa vitu vikubwa sina lawama. Kaunta ya mbao ilikuwa imechakaa pale pale watu wanapoegemeza viwiko, na nondo za mahabusu zilipakwa rangi ya kijivu halafu zikapigwa msasa hadi kutu ikachungulia. Bibi mmoja wa jirani alipita akashtuka: "Jamani, kituo kimehamia huku lini?"

Halafu nikatazama ukutani. Picha ya Magufuli! Mwaka 2009 rais alikuwa Kikwete. Nikamwambia jamaa, akanijibu, "Kaka, nani ataangalia hiyo?" Mbongo ataiona hiyo kabla hajamwona muuaji. Na fedha za ushahidi mezani zilikuwa noti hizi za sasa, zilizoingia kwenye mzunguko 2011. Picha ya Kikwete ilibidi kijana aifuate Kariakoo. Noti tukazificha ndani ya bahasha ya kaki.

Sare zilishonwa vizuri, ila zilinyooshwa pasi kama za gwaride, na yule askari wetu yuko zamu ya usiku. Tukamwambia mwigizaji ajilaze nayo benchini nusu saa. Hapa nampa jamaa haki yake: mwigizaji alipotaka kutoka na sare akanunue chipsi mayai, alimkimbilia mlangoni akamvua kofia na shati. Kuvaa sare ya polisi mtaani bila kibali ni kosa, na yeye hataki kesi.

Kilichotuumiza ni damu. Alileta sharubati yenye rangi ya chakula, na taa zilipowaka ikawa juisi ya rozela kabisa, nzi nao wakafika. Kwenye kisa mtu ameuawa saa kadhaa nyuma, kwa hiyo damu ilitakiwa iwe imekauka, kahawia. Dada wa mekapu akakoroga kakao na kahawa kidogo, ikakubali. Tatizo shati lenyewe lilikuwa moja, la drafti, mtumba wa Karume, na mtumba hauna pacha. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kurekodi, mwigizaji wa mshukiwa akajifuta mkono kifuani, doa likahama, halilingani tena na lilivyoanza. Teki zote zilizofuata tumemshuti mabegani kwenda juu, na tukio limepoteza nguvu.

Kaunta na nondo nitazikodi tena kwake. Mashati nitanunua mwenyewe maduka ya jumla, matatu yanayofanana.

Siku ya kurudisha vitu akanidai elfu kumi na tano zaidi: shati limerudi na madoa.