Kichanja cha chuma cha kuni za ndani, baada ya misimu miwili ya baridi

Kichanja hiki nilikinunua kwa sababu ya tundu kwenye kapu. Kwa miaka mingi kuni za jiko letu la sebuleni zilikaa kwenye kapu la kusukwa, karibu kabisa na mlango wa jiko, mahali ambapo mkono unafika bila mtu kuinuka kitini. Asubuhi moja nikiwa nafagia nikaona tundu kwenye ukingo wake, dogo kama ukucha wa kidole gumba, kingo zake nyeusi. Cheche iliruka usiku tulipofungua mlango wa jiko kuongeza kuni, ikatua pale, ikala kapu taratibu, kisha ikazimika yenyewe. Wakati huo wote tulikuwa tumelala. Kapu lilitoka nje siku hiyohiyo.

Kichanja chenyewe ni fremu ya chuma yenye rangi nyeusi isiyong'aa: kimo sentimita 90, upana 50, kina 33. Kinakuja kikiwa vipande bapa ndani ya boksi pamoja na bolti nane na spana ndogo. Nusu saa inatosha kukifunga. Kaza bolti kwa vidole tu kwanza, kisimamishe sakafuni, ndipo uzikaze kwa spana. Mimi nilizikaza moja moja kikiwa kimelala na kikatoka kinayumba, ikabidi nianze upya. Chini kuna trei ya bati ya kudakia magome na vumbi. Kuna pia mkoba wa turubai wa kubebea kuni kutoka nje, nao ni imara, mishono yake haijaachia hata mmoja.

Kikijaa mpaka juu kinabeba kilo 58 za kuni kavu. Nilizipima tita kwa tita kwenye mizani tunayojipimia uzito. Sisi huchoma kilo 14 hivi kwa siku baridi inapokaza, kwa hiyo hizo ni kuni za siku nne, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kukisifia kichanja hiki. Ndani ya nyumba hapafai kuwa ghala la kuni. Ghala liko nje, lenye paa juu na upepo ubavuni. Ndani ni kituo cha siku chache tu, na kitu cha kukaa kwenye kituo hicho kikiwa kikubwa kupita kiasi kinakushawishi ukijaze.

Najua kwa sababu mwezi wa kwanza nilikosea. Nilikuwa na kuni zilizopasuliwa miezi mitatu tu kabla, na nikafikiri joto la sebule litamalizia kazi ya jua na upepo. Nikakijaza, nikakisukuma hadi kikagusa ukuta. Mama yangu mzazi anaishi nasi, na ana pumu. Baada ya siku kumi hivi vioo vya madirisha vilikuwa vinatiririka maji kila asubuhi, naye akaanza kukohoa usiku. Yeye ndiye aliyenionyesha chanzo. Alisimama karibu na kichanja akaniambia, "Mwanangu, kuni zako hizi zinanuka kama chini ya mtungi." Nilipozitoa nikakuta kuvu jeupe limetanda kwenye magome ya upande wa ukutani, na ukutani kwenyewe doa la unyevu.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Chukua kilo 58 za kuni ambazo asilimia 30 ya uzito wake ni maji. Zikikauka hadi asilimia 20, zimepoteza kilo saba na kidogo, yaani zaidi ya lita saba za maji. Maji hayo hayapotei. Yanaingia kwenye hewa ya chumba, yanashika vioo na kuta, na mwenye kifua chepesi ndiye wa kwanza kuyasikia. Ukizichoma bado mbichi si nafuu pia: moto unatumia nguvu zake kuchemsha maji badala ya kukupasha joto, moshi unakuwa mzito, na bomba la moshi linajaa masizi yenye lami ambayo siku moja yanaweza kuwaka humohumo bombani.

Kwa hiyo siku hizi hakuna ukuni unaovuka kizingiti kabla sijaujaribu. Nina kipima unyevu kidogo chenye sindano mbili. Naupasua ukuni mmoja kutoka kila safu na kupima uso mpya uliofunguka, kwa kuwa ngozi ya nje hukauka mapema na kukudanganya. Chini ya asilimia 20, karibu ndani. Asiye na kifaa agonganishe kuni mbili: kavu hulia ko, ko, kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio mzito uliozibwa. Tofautisha pia ubichi na kulowa. Kuni iliyokauka vizuri kisha ikanyeshewa juujuu hukauka ndani ya siku moja au mbili kwenye kichanja hiki, kwa sababu hewa inapita pande zote. Ubichi wa moyo wa ukuni ni kitu kingine kabisa, unahitaji miezi, na kwa miti migumu hata mwaka au miwili.

Sasa niseme kinachoniudhi, nacho ni picha iliyo kwenye boksi. Inaonyesha kichanja kimebanwa ubavuni mwa jiko linalowaka, na juu ya trei yake pamewekwa ndoo ya majivu. Mambo yote mawili ni ya hatari, na mtu anayenunua kwa mara ya kwanza ataiga anachokiona. Kuni zinazookwa siku baada ya siku hazihitaji kuguswa na ndimi za moto ili ziwake. Jiko lenye maelekezo ya mtengenezaji huwa limetajiwa umbali wake. Mimi nimeshika mita moja kamili na nimeichora sakafuni kwa utepe ili wanangu wasikisogeze. Jiko likiwa limeshika moto barabara naweka kiganja juu ya kuni za upande wa jiko. Zikiwa za uvuguvugu, sawa. Zikiwa za moto, kichanja kinarudi nyuma zaidi. Na majivu? Kaa dogo likijifunika ndani ya majivu hubaki hai kwa siku kadhaa. Ndoo ya majivu iwe ya chuma, iwe na kifuniko, ikae nje ya nyumba, juu ya kitu kisichoungua.

Wadudu nao wapo, na hili si kosa la kichanja. Kuni ikipata joto, waliolala ndani yake huamka wakidhani baridi imekwisha. Msimu uliopita mke wangu alihesabu mbawakawa kumi na moja dirishani kwa jioni moja, pamoja na buibui na sisimizi. Wengi wa hao hutaka gome na mti wenye unyevu, hawali meza wala viti. Fagia, watoe nje, basi. Usipulizie kuni dawa ya wadudu, kwa sababu dawa hiyo utaichoma na kuivuta kwa pua. Kilichotusaidia ni kuzigonga kuni sakafuni pa nje kabla ya kuziingiza, kuchubua magome yaliyolegea, na kuchoma za siku nyingi kwanza. Hapo kichanja kina upungufu: ukijaza kwa juu na kuchota kwa juu, za chini zinazeeka pale pale. Mimi nimekigawa kwa ubao wima katikati; upande mmoja unajazwa na mwingine unamalizwa.

Mengine madogo. Trei inatoka kwa mbele, ila ukingo wake ni mfupi na vumbi humwagika ukiivuta kwa haraka. Miguu haina raba, ilikwaruza vigae viwili kabla sijaifunga vipande vya zulia. Rangi imeanza kuchubuka pale kuni zinapogonga, lakini kutu bado. Fremu haijapinda, na mwaka wa pili huu.

Kwa jumla nampa mtengenezaji nyota nne. Ya tano ameipoteza kwa ile picha. Anayechoma kila siku, kama sisi, achukue hiki. Anayewasha moto mara mbili tatu kwa wiki achukue kile kifupi cha sentimita 60, kwa sababu hiki kitamwekea kuni ndani kwa wiki tatu bila sababu. Na kabla ya kununua pima nafasi: mita moja kutoka jiko, nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma, tena pasiwe kwenye njia ya kukimbilia mlangoni usiku. Kwetu nafasi hiyo ilipatikana upande wa pili wa chumba. Ni hatua nne kila ninapoongeza kuni, na Mama halali tena akikohoa.