Wino wa kalamu usioogopa mvua: nimelowesha karatasi mbele yenu

Jambo yenu, ndugu na dada. Kabla sijafungua chupa hata moja, tazameni kaye hii, daftari langu la hesabu. Ngoja niisogeze karibu na kamera... hapo. Pembeni kuna namba nilizoziandika kwa biki, 1 mpaka 18, zinasomeka vizuri. Katikati kuna wingu la buluu tu. Hapo palikuwa na majina 18 ya mama na papa wa likirimba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, huku Kadutu, mjini Bukavu, na mbele ya kila jina kiasi alichokwisha kutoa. Mimi ndiye katibu. Usiku mmoja mvua ilinyesha, bati likavuja juu ya meza, asubuhi nikakuta hesabu ya miezi minne imegeuka maji ya buluu. Tulikaa Jumapili nzima tukikumbushana, mtu kwa mtu. Mama mmoja mzee aliondoka akiwa na mashaka kama tumemwandikia haki yake. Hilo liliniuma sana, na mpaka leo linaniuma.

Wino ule haukuwa mbovu. Ulikuwa wino wa buluu wa shule, na wino wa namna hiyo umetengenezwa hivyo makusudi: utoke kwenye shati la mtoto ukifuliwa, na ufutike kwa kalamu ya kufutia. Pelikan 4001 ya buluu ya kifalme ni wa ukoo huo. Ni mzuri kwa mazoezi ya darasani. Kosa lilikuwa langu kuuweka kwenye kitabu cha pesa za watu, katika mji ambao mvua inaanza mwezi wa tisa na kutuaga mwezi wa tano.

Sasa tuongee kuhusu neno "kudumu", maana linadanganya wengi. Parker, watengenezaji wa kalamu, walianza kuuza wino wao wa Quink mwaka 1931, na kwa miaka mingi walikuwa na aina mbili: ya kufulika na ya kudumu. Ya kudumu maana yake haikufulika kirahisi kama ile nyingine. Hakuna aliyekuahidi kwamba unaweza kuimwagia ndoo ya maji. Kwa hiyo ukiona neno hilo kwenye chupa, jiulize: inadumu mbele ya adui gani? Maji? Jua? Javeli, ile dawa ya maji ya kutoa madoa na rangi kwenye nguo? Au mkono wa mtu anayetaka kubadilisha namba? Hao ni maadui wanne tofauti, na kuna wino anayemshinda mmoja akaanguka mbele ya mwingine.

Haya, twende kwenye sahani. Hii ni karatasi ya kaye ya kawaida kabisa, nyembamba, ile ambayo watoto wanaandikia. Nimeandika maneno yale yale kila mstari: "Amelipa dola 10". Niliandika Jumatano, leo ni Jumamosi. Naimwagia maji... naiacha dakika kumi.

Mstari wa kwanza, buluu ya shule. Tazama, hata dakika moja haijaisha, rangi inatoka kama moshi. Huo tumeshaujua.

Wa pili ni Quink nyeusi. Rangi inatengana, sehemu moja inaondoka na maji, lakini kuna kivuli kimebaki. Ukiinama vizuri unasoma "dola". Namba yenyewe, ile 10, mimi naiona kwa sababu najua niliandika nini. Kwa kitabu cha pesa, hiyo haitoshi.

Mstari wa tatu ndio ninaotaka tukae nao. Huu ni wino wa chuma na tanini. Ni ufundi wa zamani sana; Ulaya waliandikia wino wa namna hii kwa karne nyingi. Walichukua vile vinundu vinavyoota kwenye miti ya mwaloni, vyenye tanini, ile ile inayofanya chai ya rangi ikaze ulimi, wakachanganya na chumvi ya chuma. Ukiandika, mwanzoni maandishi ni hafifu, ndiyo maana watengenezaji wanaongeza rangi kidogo ya buluu ili uone unachoandika. Halafu hewa inaanza kazi yake. Chuma kinashikana na tanini ndani ya nyuzi za karatasi, kinageuka cheusi, na kikishakuwa cheusi hakiyeyuki tena kwenye maji. Ukiandika buluu saa mbili asubuhi, jioni unakuta imeelekea kwenye rangi ya mawingu ya mvua juu ya ziwa.

Tazama sasa kwenye sahani. Ile buluu imetoka, maji yamebadilika kidogo. Lakini mstari wenyewe? "Amelipa dola 10". Kijivu cheusi, herufi kwa herufi, hata kile kimkia cha "p". Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza.

Ila subira ni lazima. Mstari huu wa pembeni ni wino ule ule, nimeuandika sasa hivi kabla ya kuwasha kamera. Naumwagia maji... unaona, sehemu kubwa inaondoka. Haujapata muda wa kushikana na hewa. Kwa hiyo ukiandika ukatoka mbio na mvua ikakukuta njiani, wino huu hautakusaidia siku hiyo. Uachie kaye ilale usiku mmoja.

Majina ya kutafuta: Pelikan 4001 ile ya buluu-nyeusi, siyo ya kifalme, msichanganye. Rohrer & Klingner wa Ujerumani wana Salix, ya buluu, na Scabiosa, ya zambarau. Diamine wa Uingereza wana Registrar's, na jina lake linatoka kwa waandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo, ambao kule walikuwa wanatakiwa kuandikia wino wa ukoo huu. Na kitu kimoja ninachokipenda sana: kwenye kaye zetu hizi za bei nafuu wino huu hautambai. Unakaa pale ulipouweka, upande wa pili wa karatasi unabaki safi.

Mstari wa nne, Platinum Carbon wa Japani. Huu hauna rangi iliyoyeyuka. Una chembe za kaboni, masizi kwa lugha ya jikoni, zilizosagwa zikawa ndogo mpaka zinapita kwenye mfereji wa kalamu. Maji hayajaugusa. Naweka tone la Javeli... hakuna kitu. Jua nalo haliuwezi. Kama una hati itakayotundikwa ukutani karibu na dirisha, ni huu.

Wa tano, Noodler's Black wa Marekani. Huu una akili nyingine: rangi yake inajifunga na nyuzi za karatasi zenyewe. Maji hayautoi, Javeli haiutoi. Lakini kwenye karatasi laini inayong'aa unakawia kukauka, ukipitisha kidole unachafuka hata kesho yake, kwa sababu ile iliyobaki juu haijapata nyuzi za kujifunga.

Nirudishe Javeli kwenye ule mstari wa chuma, ili niwe mkweli kwenu. Tone moja... unafifia. Kinabaki kivuli cha kahawia, kama kutu. Mtu atajua palikuwa na kitu, lakini kusoma ni shida.

Najua kuna anayeuliza: kwa nini usiandike biki tu, yaishe? Swali zuri. Biki ni wino wa mafuta, maji hauyaogopi, na ndiyo maana zile namba pembeni mwa kaye yangu zimebaki. Lakini angalia. Hii ni dawa ya kutolea rangi ya kucha, ya dada yangu. Naloweka pamba, nagusa mstari wa biki... rangi inakimbia. Sasa wa kaboni: umetulia. Wa chuma: umetulia. Mtu mwenye nia mbaya akipata karatasi yako ya mauziano ya paseli, yaani kiwanja, iliyoandikwa kwa biki, hahitaji maarifa makubwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kitabu cha likirimba, kitabu cha madeni ya duka, rejista ya kanisa, vitu vinavyokaa nyumbani na adui wake ni bati linalovuja: nunua wino wa chuma. Karatasi ya mauziano, barua ya urithi, chochote ambacho kesho mtu anaweza kukigombania: kaboni au Noodler's. Mimi ningechukua Noodler's kwa kalamu ambayo haishikwi kila siku, kwa sababu wino huo hauna chembe na unaosheka vizuri. Kaboni ikikaukia ndani ya kalamu, maji hayaiyeyushi tena, na unaweza kuipoteza kalamu nzima. Ukiitaka, andika kila siku na funga kifuniko kila unapopumzika.

Wino wa chuma nao ni mchachu. Usiuache miezi ndani ya kalamu ya ncha ya chuma cha kawaida. Kila unapojaza upya, osha kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Kama umeganda, siki kidogo sana kwenye maji mengi, halafu maji matupu mara nyingi. Usiuchanganye na wino mwingine, hata kama ni tone. Unaweza kuganda ndani.

Na tafadhali, kwa upendo wote: ule wino wa Kichina wa kuchorea usiutie kwenye kalamu ya wino. Una gundi ndani. Haumwachi mtu na kalamu.

Kuupata ndiyo kazi. Mimi naagiza kwa ndugu anayesafiri. Mwambie kwamba kwenye viwanja vingi vya ndege, chupa ya ndani ya mkoba wa mkononi isizidi mililita 100. Platinum ni 60, Noodler's ile ya kawaida iko chini ya 90, zote zinapita. Aifunge kwenye mfuko wa plastiki wa kuona ndani, na asiifungue njiani.

Kaye mpya ya likirimba ndiyo hii. Nimeiandika upya yote kwa wino wa chuma, na ukurasa wa kwanza nilimpa yule mama mzee aushike. Alilowesha kidole kwenye kikombe cha maji, akapitisha juu ya jina lake mara mbili, akatazama kidole, halafu akatoa pesa ya mwezi.