Mkopo wa nyumba: dawati linalochosha, nawapa nyota nne

Benki yenyewe siitaji. Nikiitaja kwa kuisifia mtasema nimelipwa. Jueni tu ni tawi la katikati ya jiji, Dar es Salaam, na dawati la mikopo ya nyumba lipo ghorofani, mbali na lile la chini la mikopo ya mishahara, ambako mtumishi anajaza fomu asubuhi, na ikifika jioni hela inasoma kwenye simu. Huku juu hakuna haraka hiyo. Mimi ni muuguzi wa serikali, mume wangu anaendesha malori ya Zambia na Kongo, na tulikuwa tunanunua nyumba ya vyumba vitatu Kinyerezi ambayo mwenyewe alikuwa anahamia Dodoma.

Nyota nne ni za ofisa aliyetuhudumia, kijana mpole mwenye maswali kama ya mama mkwe. Kila unachomjibu anakiandika, halafu anakuomba karatasi yake. Wengi wanashuka zile ngazi wanamlaani. Mimi ni kati ya waliomlaani, lakini leo nikiambiwa nichague tena ningemchagua huyohuyo, na sababu nazieleza hapa kwa wanaotaka kwenda.

Mjue kwanza kwamba kabla hujamfikia yeye utakutana na vishoka, wale madalali wa mtaani wasio wa benki. Wangu nililetewa na mfanyakazi mwenzangu kwa nia njema kabisa. Kaka nadhifu, fulana ya kola, simu mbili. Alikuwa na huduma zake kamili: slipu ya mshahara iliyonenepeshwa, akaunti ya kuzungushiwa hela miezi kadhaa ili stetimenti ionekane ina miamala, na kiapo cha wakili kwamba mimi sina mume. "Dada, hata benki wanajua, huo ni utaratibu tu." Malipo yake ni asilimia ya mkopo, na anayachukua ukishapata hela. Baada ya hapo namba yake haipatikani na deni ni lako.

Tuanze na mshahara. Ofisa alipiga hesabu mbele yangu kwenye kikokotoo cha mezani: milioni 45, riba asilimia 17, miaka 20, rejesho linakuja kama 660,000 kwa mwezi. Riba hiyo ndiyo hali ya soko letu. Kwa miaka ya karibuni mikopo ya nyumba imekuwa ikizunguka kati ya 15 na 19. Kishoka alishaniambia kwa slipu yake naweza kuvuta milioni 70. Nikamwomba ofisa anipigie na hiyo, sikumwambia imetoka wapi. Ikaja karibu 1,027,000. Tofauti ni 367,000 kila mwezi, kwa miaka 20, na mfuko wa kuilipa ni mshahara wangu ule ule wa kweli. Slipu ya kubuni haileti shilingi hata moja tarehe ya mshahara. Watumishi tunaijua kanuni ya theluthi, kwamba makato yasile mshahara mpaka ukabaki chini ya theluthi moja. Tunaichukia tukiwa na shida, lakini ndiyo inayotuachia hela ya daladala.

Kwa sisi wa serikali, uongo wa slipu hauendi mbali, maana mwajiri anathibitisha na makato yanapitia mfumo wa mishahara. Wenzetu wa kampuni binafsi ndio wanaoweza kupenya, ofisa utumishi akiwa rafiki. Hao ndio nawaonea huruma, kwa sababu wamepewa mkopo wasioweza kuulipa na wakati huohuo wana kosa la jinai kwenye faili. Kughushi nyaraka, kwa Kanuni ya Adhabu, ni hadi miaka saba jela.

Upande wa madeni, usijisumbue kuficha. Aliyekuwa mbele yangu, baba mmoja mtu mzima, aliapa hadaiwi popote. Ofisa akafungua taarifa yake ya mikopo (siku hizi kuna kampuni zinazotunza kumbukumbu za madeni ya watu, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zote chini ya leseni ya Benki Kuu) akaanza kumsomea taratibu: mkopo wa benki nyingine, halafu wa M-Pawa aliouacha muda mrefu. Mzee akasema, "Ile ya kwenye simu nayo ni mkopo?" Ndiyo, mzee wangu, nyuma yake kuna benki. Kilichomponza mbele ya yule kijana hakikuwa deni, kwa kuwa lilikuwa dogo la kulipwa siku hiyohiyo. Aliulizwa mara ya pili akakana mara ya pili, na baada ya hapo kila karatasi yake iligeuzwa pande zote mbili.

Mimi nina kibanda cha vitenge. Nilitaka mapato yake yahesabiwe. Akaniuliza: makadirio yako ya kodi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, yanasemaje? Hapo wafanyabiashara wenzangu mtanielewa. Huwezi kumwambia TRA unauza kidogo na ukamwambia benki unauza sana, kwa sababu benki inataka karatasi za TRA zilezile. Mapato ya vitenge hayakuhesabiwa. Posho za safari za mume wangu nazo hazikuhesabiwa, kwa kuwa si mshahara. Niliondoka nimenuna.

Kuna na jambo la bei, na hili linatoka kwa wauzaji. Wa kwetu, mtu mwema, msalihina, alituambia tuandikishane mikataba miwili: wa bei ndogo upelekwe TRA apunguziwe kodi ya ongezeko la mtaji, na wa bei ya kweli upelekwe benki. Ofisa alipousikia huo mpango alicheka, akatoa kalamu, akaanza kuchora. Uhamisho wa hati unasajiliwa kwa msajili wa hati. Rehani ya benki inasajiliwa kwa msajili huyohuyo, juu ya hati hiyohiyo. Bei mbili zinalala kwenye jalada la kiwanja kimoja, zikisubiri siku ya mgogoro. Na siku ukija kuuza wewe, gharama yako ya kununua itasomeka ile ndogo, kwa hiyo faida yako kwenye makaratasi inavimba na kodi aliyoikwepa mwenzako unailipa wewe. Tulirudi kwa muuzaji, tukaandikishana mkataba mmoja, na akakubali baada ya mume wangu kwenda kuongea naye kiutu uzima.

Sasa hili la ndoa, na hapa naomba msome polepole. Mume wangu siku hizo alikuwa kakwama kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Bila sahihi yake faili haliendi. Kishoka akaniambia ndiyo maana kuna kile kiapo: unaapa huna mume, wakili anagonga muhuri, mambo yanakwenda, mzee akirudi anakuta nyumba. Ukisikia hivyo unaona ni uongo usiomdhuru mtu. Mume wangu mwenyewe, kwenye simu, alisema fanya tu.

Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenza. Marekebisho ya mwaka 2008, yaliyokuja na sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, yakaongeza kwamba ni wajibu wa mwombaji kusema kama ana mwenza, na anayetoa taarifa za uongo kwa kiapo anatenda kosa: faini isiyopungua nusu ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwa milioni 45, nusu ni milioni 22 na nusu, na deni lenyewe bado lipo palepale. Wale mnaosema "sisi hatujafunga ndoa, tunaishi tu", Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mke na mume mkishaishi pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo. Kwa hiyo huo "useja" wa kwenye fomu unaweza kukataliwa hata na majirani.

Watu wanadhani anayeumia hapo ni benki, kwamba mke au mume akienda mahakamani mnada unasimama na nyumba inapona. Unaweza kusimama kweli. Lakini kesi inakaa, riba inaendelea kupanda, nyumba yenyewe huwezi kuiuza ukajinusuru, na benki inamgeukia aliyeapa. Tena mkataba wetu una kipengele kwamba taarifa yoyote ya uongo ni kuvunja mkataba na benki inaweza kudai deni lote kwa mkupuo. Baada ya hapo ni notisi ya siku 60, na dalali wa mnada.

Nilimwambia ofisa mume wangu yuko safari. Akasema, "Mama, tutamsubiri. Akija aje na kitambulisho cha NIDA." Tulimsubiri. Muuzaji alinung'unika, nikamwongezea malipo ya awali kidogo akatulia.

Fomu ya bima ya mkopo jazeni kweli pia, hasa wenye presha na sukari. Mimi ni muuguzi, nimewaona wanaoficha. Ukifariki na ikajulikana ulificha, bima ina haki ya kukataa kulipa, na wanaobaki na deni ni watoto.

Nyota moja nimeinyima kwa haya. Ada ya mthamini unalipa wewe, mapema, na mkopo ukikataliwa hairudi. Hilo waliniambia nikiwa tayari nimelipa. Viti vya kusubiria ni vinne na wateja ni umati. Na barua ya ofa pamoja na mkataba vyote ni Kiingereza cha kisheria, kurasa tele, wakati unaposaini unakiri kwamba umesoma na yote uliyosema ni kweli. Mume wangu ni darasa la saba. Ofisa alitutafsiria kipengele kwa kipengele, Mungu ambariki, lakini hilo lilikuwa hisani yake, halikuwa utaratibu wa benki, na meza ya jirani nilimwona mama anaonyeshwa tu pa kuweka sahihi. Ombeni msomewe, hata kama foleni nyuma inaguna.

Nendeni katikati ya mwezi, asubuhi. Bebeni kitambulisho cha NIDA, slipu za mshahara, barua ya mwajiri, nakala ya hati mliyoifanyia upekuzi ofisi ya ardhi, cheti cha ndoa, na mwenza mwenyewe. Vishoka wanakaa upande wa pili wa barabara, karibu na wauza vocha.