Protein Data Bank kwa anayesoma maganda ya virusi vya wadudu

Kwa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuona jinsi ganda la protini la virusi vya wadudu, yaani kapsidi, lilivyojengwa, sijaona huduma inayoipita Protein Data Bank, hifadhidata ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971 na ambayo hadi leo haidai malipo wala usajili.

Namshauri mgeni aanze na ingizo 1B35, la virusi vinavyopooza nyenje. Faili la kawaida la kupakua lina kipande kimoja tu chenye protini nne, VP1 hadi VP4, na ni lazima uchague mkusanyiko kamili wa kibiolojia (Biological Assembly) ndipo kipande hicho kirudiwe mara 60 na kuunda ganda lenye upana wa takribani nanomita 30. Hatua hiyo ilistahili maelezo ya wazi zaidi. Hata hivyo Mol*, programu ya kutazamia inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ni nzuri mno: ukilikata ganda katikati utaiona VP4, ile protini ndogo inayosaidia jenomu, yaani nyenzo za urithi za virusi, kupenya utando wa seli, ikiwa imekaa upande wa ndani.

Ndani utakuta uwazi, na hapo wengi hupotoka. Jenomu imo, lakini uzi wa RNA haufuati ulinganifu wa ganda, hivyo hufifia pale vipimo vya eksirei vinapokokotolewa kwa wastani. Ukurasa ungepaswa kumwambia mtumiaji jambo hilo.

Upungufu unaonihuzunisha zaidi unahusu jinsi jenomu inavyotoka ndani ya ganda, kwa kuwa hifadhidata huonesha maumbo yaliyotulia, si mwendo. Utafiti wa mwaka 2018 kuhusu virusi vya sacbrood, vinavyoua mabuu ya nyuki, ulibaini kwamba tindikali hufungua matundu ya nanomita 0.7 na 1.2 kwenye mihimili ya ulinganifu wa mara tatu na wa mara tano (mistari ambayo ganda likizungushwa kuizunguka huonekana vilevile mara tatu au mara tano katika mzunguko mmoja), na kwamba virusi hivyo, visivyo na VP4, vina protini ndogo 60 juu ya ganda zinazoweza kuvuruga utando. Mfuatano huo wa matukio utaupata katika makala ya watafiti, kisha urudi kwenye Mol* kuitafuta mihimili hiyo mwenyewe.

Naipa nyota nne kati ya tano.